Joto Linavyousukuma Mwani Kwenye Kina

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Zanzibar ilikuwa imepoteza mteja wake mkubwa. Kwa miongo mingi Indonesia ilinunua karafuu za Unguja na Pemba ili kuzichanganya na tumbaku ya sigara zake, kisha ikapanda mikarafuu yake yenyewe mpaka ikajitosheleza. Bei ikaanguka. Nchi iliyozoea kuishi kwa zao moja ikabaki na hazina isiyo na fedha za kigeni. Kuanzia 1984 Serikali ikalegeza masharti ya biashara na kuwafungulia mlango wafanyabiashara binafsi, na macho yakaanza kugeukia upande ambao zama za karafuu ziliusahau: pwani ya mashariki ya Unguja, ambako ardhi ni jiwe la matumbawe na mkarafuu hauoti.

Mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, zao jipya likapandwa. Halikutaka udongo, mbolea wala jembe. Lilitaka maji safi ya chumvi, vigingi, kamba, na watu walio tayari kuinama juani saa tatu nne mfululizo. Zao hilo ni mwani. Historia yake fupi, ya muda usiofika hata nusu karne, inaonyesha vizuri kuliko takwimu nyingi za mikutano ya kimataifa jinsi joto la dunia linavyoingia katika kazi ya mtu na kumpangia pa kusimama.

Mwani wenyewe haukuwa mgeni. Tangu katikati ya karne ya 20 watu wa pwani waliokota mwani wa porini uliosukumwa ufukweni na mawimbi au uliong'olewa miambani, wakauanika na kuwauzia wafanyabiashara wa mjini, nao wakausafirisha Ulaya. Viwanda vya huko vilikuwa vikitafuta karaginani, utomvu unaotolewa kwenye mwani mwekundu na kutumika kugandisha vitu na kuzuia maji na mafuta visitengane. Karaginani imo kwenye aiskrimu, maziwa ya chokoleti, soseji na dawa ya meno. Wengi waliowahi kuokota mwani ule hawakuwahi kuambiwa unakwenda kufanya nini.

Biashara ya kuokota ina mwisho wake, kwa kuwa bahari haioteshi kwa kasi ya mahitaji ya viwanda. Hilo lilionekana mapema Ufilipino, ambako mwani wa porini ulivunwa hadi ukaanza kuadimika. Mtaalamu wa mimea ya bahari wa Chuo Kikuu cha Hawaii, Maxwell Doty, alishirikiana na watu wa huko kutafuta njia ya kuulima, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 mashamba ya mwani yakaenea katika visiwa vya kusini mwa nchi hiyo. Hawaii hapohapo alisoma Mtanzania mmoja, Keto Mshigeni, aliyepata shahada yake ya uzamivu mwaka 1974 na kurudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mshigeni alizunguka pwani ya Tanzania akiorodhesha aina za mwani, akaandika na kusema kwa miaka mingi kwamba zao hili linaweza kulimwa hapa nyumbani. Majaribio ya awali ya mwani wa asili hayakuzaa biashara. Wawekezaji walipokuja, walileta mbegu zilizokwisha kufugwa kutoka Ufilipino. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa wakati wake, ila una mkia wake, na mkia huo utaonekana mbele.

Mbegu zilikuwa za aina mbili. Moja ni spinosamu, nyembamba, yenye vijimiba, ngumu ya roho. Ya pili ni kotoni, nene na laini zaidi, ambayo utomvu wake huganda imara, kwa hiyo viwanda huilipia vizuri, mara nyingi kiasi cha maradufu ya bei ya mwenzake. Tofauti hii ya bei ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kisa kilichofuata.

Namna ya kulima ilikuwa nyepesi kueleza. Vigingi vya miti, vingi vikiwa vya mikoko, hupigwa mchangani kwa mistari miwili. Kamba hufungwa kutoka kigingi hadi kigingi, na juu ya kamba hiyo hufungwa vishada vidogo vya mwani kwa vikamba vyembamba, kishada baada ya kishada. Baada ya wiki sita hivi mwani huwa umekua mara kadhaa ya uzito wake wa kwanza. Hufunguliwa, hubebwa hadi ufukweni ukiwa unachuruzika maji, huanikwa siku mbili tatu, na kati ya kilo 7 na 10 mbichi hupatikana kilo moja tu kavu. Vishada vizuri vya mavuno hayohayo hukatwa vikawa mbegu ya msimu unaofuata. Hakuna anayenunua mbegu dukani.

Kazi hii ilikuwa na ratiba ambayo wanawake wa pwani waliijua tangu utotoni, kwa sababu ni ratiba ya bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana, na kati ya ufukwe na mwamba hufunguka uwanda mpana wa mchanga, majani ya baharini na vidimbwi. Uwanda huo ulikuwa wa wanawake tangu zamani. Humo waliokota chaza na kombe, wakatafuta pweza mashimoni, wakafukia makumbi ya nazi yaoze kwa miezi kadhaa, kisha wakayafukua, wakayaponda kwa magongo, wakasokota kamba za usumba. Wanaume walipita uwandani humo wakielekea kwenye vyombo vyao. Shughuli yao ilikuwa nje ya mwamba. Kwa hiyo mwani ulipofika haukulazimika kuvunja mpaka wowote wa mila. Ulipandwa mahali ambapo mwanamke alikwishakuwa na haki ya kuonekana, kwa saa ambazo alikwishazoea kuwapo.

Miaka michache ya kwanza fedha ilionekana kwa macho. Nyumba za makuti zikapata mabati. Sare za skuli zikanunuliwa bila kumsubiri baba arudi kutoka dago, kambi ya wavuvi. Vitanda, vyombo, kanga za sikukuu, mchango wa harusi ya binti: mambo hayo yalianza kulipwa na mkono ambao zamani ulisubiri kupewa. Yalikuwapo malalamiko pia. Baadhi ya waume hawakufurahi, na walimu walilalamika kwamba siku za bamvua madarasa yanapungua, watoto wako pwani wanafunga mbegu. Wanaume wengi waliojaribu kilimo hiki waliacha baada ya muda, wakarudi kwenye uvuvi au wakaenda kwenye mahoteli yaliyokuwa yakichipuka, kwa kuwa kilo ya mwani kavu ililipwa shilingi chache mno kwa jasho linalotoka. Wanawake walibaki. Leo wakulima wa mwani Zanzibar wanahesabiwa kwa zaidi ya elfu ishirini, na wanawake ni kati ya asilimia 80 na 90. Kwa miaka mingi zao hili limetajwa kuwa la tatu kwa kuingizia visiwa fedha za kigeni, baada ya utalii na karafuu, na visiwa hivi vimeuza nje zaidi ya tani 10,000 za mwani mkavu kwa mwaka. Barani Afrika hakuna anayeikaribia Tanzania.

Kisha kotoni ikaanza kufa.

Ilianza kuonekana mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mkulima alirudi shambani bamvua iliyofuata na kukuta matawi yamegeuka meupe, yamelainika, yanakatika kwa kuguswa tu. Kamba iliyofungwa vishada mia ilibaki na vichache. Ugonjwa huo haukuwa mpya duniani. Ufilipino uliripotiwa tangu 1974, na wataalamu wanauita aisi-aisi. Hauna kidudu kimoja cha kulaumiwa. Mwani unapoelemewa na joto, mwanga mkali au mabadiliko ya ghafla ya chumvi, kinga yake hushuka, na bakteria ambao siku zote wako majini hupata mlango wa kuingia. Wakati huohuo nyuzinyuzi za mimea mingine midogo hujisokota juu yake, zikaunyima mwanga na kuufanya uchafu usiotakiwa na mnunuzi. Paje na Jambiani, kulikozaliwa kilimo chenyewe, kotoni ilifika mahali ikawa haipandiki tena. Hali ilikuwa hiyohiyo katika sehemu nyingi za Bara, kuanzia Tanga hadi Bagamoyo.

Hapa inafaa kusimama na kutazama maji yenyewe. Bahari zimebeba zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada lililonaswa na gesi ambazo binadamu amezimwaga angani. Bahari ya Hindi ya kitropiki imebeba kwa pupa: kati ya 1951 na 2015 joto la uso wake lilipanda kwa takriban nyuzi 1 ya Selsiasi, wakati wastani wa bahari zote duniani ulikuwa nyuzi 0.7. Nyuzi moja inasikika kuwa kitu kidogo. Kwa mmea uliokwisha kuishi karibu na dari ya uwezo wake, hakuna kidogo. Kotoni hukua vizuri katika maji yasiyozidi nyuzi 30 hivi. Yakipita 33 inaanza kuugua.

Na joto la bahari kuu ni mwanzo tu wa hesabu. Katika pwani ya Zanzibar maji ya bamvua hujaa kabisa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri, kwa hiyo hupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi, na siku zinazofuata saa hiyo husogea kuelekea adhuhuri. Maana yake ni kwamba maji huwa machache zaidi shambani saa ambazo jua linapanda kileleni. Kina cha magoti, mara nyingine cha vifundo vya miguu, juu ya mchanga mweupe unaorudisha mwanga, kikiwa kimezingirwa na mwamba usiopitisha maji mapya mpaka bahari igeuke. Vipimo vilivyochukuliwa katika mashamba ya kina kifupi vimewahi kufika nyuzi 38. Mpango huu wa mwezi na maji haujabadilika tangu enzi za mababu. Kilichobadilika ni maji yanayoingia kwenye mpango huo yakiwa yamekwisha kupata joto huko yatokako. Mkulima wa 1989 alikuwa na akiba kidogo kabla ya hatari. Mwanawe hana.

Mvua nayo imekuwa na mkono wake. Kilimo cha mwani hakihitaji mvua, lakini mvua kubwa ikimiminika wakati maji yamepwa, chumvi ya kidimbwi hushuka ghafla na mwani hupauka. El Niño ya 1997 na 1998 ilikumbukwa kwa hilo pwani nzima. Mwishoni mwa 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto kupita kiasi huku upande wa mashariki ukipoa, na Afrika Mashariki ikapata vuli ya mafuriko kuanzia Oktoba hadi Desemba. Matukio ya namna hii ni ya asili, yalikuwapo tangu zamani. Ila kila bahari inapozidi joto, wingu linalonyanyuka juu yake huwa na maji mengi zaidi ya kumwaga. Kipindi cha kusi, mawimbi na upepo huvunja matawi na kung'oa vigingi. Kipindi cha kaskazi, jua na maji ya vuguvugu humaliza kilichobaki. Mkulima aliyekuwa na miezi ya kutegemea na miezi ya kupumzika sasa anabahatisha.

Tukio la 1998 lilikuwa na uso mwingine, uliotazamwa zaidi na wapiga mbizi kuliko wakulima. Kati ya Machi na Mei mwaka huo matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yaligeuka meupe kwa mara ya kwanza kwa kiwango cha namna ile. Tumbawe hai huishi na mimea midogo isiyoonekana kwa macho, inayolilisha na kulipa rangi. Maji yakizidi joto kwa wiki kadhaa, tumbawe huitapika mimea hiyo na kubaki jeupe, na joto lisipopungua hufa. Visiwa vya ndani vya Shelisheli vilipoteza kiasi cha asilimia 90 ya matumbawe hai. Misali huko Pemba na sehemu za Mafia ziliumia vibaya. Yaliyopona yalipigwa tena 2016, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imo katika wimbi la nne la weupe wa matumbawe linaloenea bahari zote.

Uhusiano wa matumbawe na mwani hauzungumzwi inavyostahili. Mwamba wa matumbawe ndio ukuta unaovunja mawimbi ya bahari kuu kabla hayajafika Paje. Bila ukuta huo uwanda mtulivu wa maji mafupi haupo, na kamba za mwani haziwezi kukaa wiki moja. Mwamba huohuo ni nyumba ya pono, changu na pweza, kitoweo na biashara ya kaya zilezile zinazolima mwani. Tasi, samaki anayependwa sana visiwani, hula mwani, na mkulima humlaani asubuhi shambani na kumnunua jioni sokoni. Mwamba ukifa, samaki hupungua, na wavuvi wenye nyavu ndogondogo huhamia kwenye maji mafupi ambako wanawake wanafanya kazi. Hasara ya mmoja huhamia kwa mwingine bila kupita ofisini.

Wakulima walifanya nini? Walifanya jambo la busara na la hasara: wakahamia spinosamu. Inavumilia joto zaidi, inakua upesi, haihitaji kubembelezwa. Lakini inalipa kidogo. Kwa sababu hiyo takwimu za tani hazikuonyesha mara moja ukubwa wa msiba. Magunia yaliendelea kupakiwa bandarini, huku mfuko wa mkulima ukipungua. Anayesoma ripoti za mauzo ya nje za miaka ile anaweza kudhani hakuna kilichotokea. Baadaye hata spinosamu ikaanza kuonyesha magonjwa na kupungua katika baadhi ya vijiji vya mashariki ya Unguja, na sehemu kubwa ya mavuno ya Zanzibar sasa hutoka Pemba, kisiwa chenye hori nyingi zilizojikinga na mikono ya bahari yenye kina. Pemba nako bahari ina madai yake mengine. Kisiwa Panza, kusini, maji ya chumvi yameingia kwenye mashamba na minazi imekauka ikiwa imesimama.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na watafiti wa Sweden na Zanzibar uliwauliza wakulima wanawake kuhusu miili yao. Walitaja uchovu, maumivu ya mgongo na viungo, macho yanayouma kwa mwanga unaorudi kutoka majini, majeraha ya miiba na maganda makali. Kipato chao kilikuwa chini ya mstari wa umaskini uliokithiri. Hili lisiachwe nyuma ya pazia la habari za hali ya hewa. Bei ya mwani ilikuwa mbaya kabla joto halijawa mbaya. Joto lilikuta biashara ambayo tayari ilimlipa mfanyakazi wake kidogo kuliko wote walio kwenye mnyororo wake, likamwondolea hata ule mwani wenye bei nzuri.

Ndipo unapokuja ule mkia wa 1989. Mwani wa shambani hauzaliani kwa mbegu halisi. Hukatwa, hufungwa, hukua, hukatwa tena. Kipande kinachofungwa leo ni mwili uleule ulioletwa kutoka Asia zaidi ya miongo mitatu iliyopita, umegawanywa mara nyingi zisizohesabika. Watafiti waliochunguza jeni za mwani wa Afrika Mashariki waligundua kwamba wa mashambani ni wa asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, na kwamba kandokando yake, miambani, bado unaishi mwani wa asili wa pwani hii, wenye jeni tofauti. Ni ule uliookotwa na bibi za wakulima wa leo. Umeishi na jua la hapa kwa maelfu ya miaka, na huenda ndani yake mna aina zinazostahimili joto. Huo ndio mwani ambao Mshigeni aliuorodhesha na biashara ikaupita. Kuufuga sasa ni kazi ya miaka, na inahitaji maabara yenye watu na bajeti.

Aliyebeba suala hili kwa muda mrefu kuliko wengine ni Flower Msuya, mtafiti aliyefanya kazi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar. Kuanzia 2006, kupitia mpango wa kuwaunganisha wakulima, wafanyabiashara, watafiti na Serikali, alisukuma mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kuusarifu mwani hapahapa badala ya kuuza magunia. Vikundi vya wanawake vikajifunza kuusaga kuwa unga na kutengeneza sabuni, mafuta ya kupaka, hata juisi na achari. Kikundi cha Tusife Moyo cha Kidoti, kaskazini mwa Unguja, ni miongoni mwa vilivyojulikana mapema kwa sabuni zake. Kipande kimoja cha sabuni chenye mwani kidogo tu ndani yake huuzwa kwa bei inayopita kilo kadhaa za mwani mkavu. Tatizo ni kwamba wateja wengi wa sabuni hizo ni watalii, na janga la korona la 2020 lilionyesha soko hilo lilivyo jembamba.

Jambo la pili ni kuufuata mwani kwenye maji ya ubaridi, yaani kwenye kina. Huko ndiko kotoni inaweza kuishi. Zilijaribiwa kamba zinazoelea na vyelezo, Bagamoyo na Unguja, kisha neti za mirija, mbinu iliyotumika Brazili, ambamo mwani hujazwa ndani ya neti ndefu kama soseji ili mawimbi yasiukate. Mwani ulikua. Na hapo ndipo historia ikageuka kuwa swali la jinsia, kwa namna ambayo wahandisi wa neti hawakuwa wamejiandaa nayo.

Mwanamke aliyelima kwa miguu yake miaka ishirini hawezi kufika kwenye kina bila chombo. Chombo, kwa kawaida ya pwani, ni mali ya mwanamume. Wengi wa wakulima hawajui kuogelea. Hawakuwahi kuhitaji, na mtoto wa kike hakufundishwa. Mavazi yao ya heshima huwa mazito yakilowa. Shamba la kina halifuati tena bamvua pekee, kwa hiyo hata saa za kazi na za nyumbani zinabadilika. Mradi mmoja wa neti za mirija uliona haya mapema, ukawafundisha wanawake kuogelea na kuendesha boti, na baadhi yao wakawa manahodha. Ni hatua kubwa kwa pwani ambako nahodha mwanamke hakuwa na hata mfano wa kuigwa. Lakini chombo kina gharama za mafuta, matengenezo na mlinzi, na kikundi kinapoyumba, chombo hurudi mikononi mwa wale waliozoea kuwa nacho.

Wakati huohuo uwanda wa maji mafupi umepata wageni. Paje sasa inajulikana duniani kwa mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa tiara, kwa sababu zilezile zilizoifanya ifae mwani: maji tulivu, mwamba wa kukinga, upepo wa kuaminika. Kamba na vigingi ni hatari kwa mchezaji, na mchezaji ni hatari kwa aliyeinama. Hoteli nyingine hazipendi mwani unaooza ufukweni mbele ya viti vya wageni, ingawa zinauza picha za wanawake wa mwani kwenye matangazo yao. Wasichana wengi wa vijiji hivi hawataki kazi ya mama zao, wanatafuta nafasi za jikoni na mapokezi. Ni vigumu kuwalaumu. Huko Jambiani baadhi ya wanawake waliokuwa wakilima mwani wameingia kwenye ufugaji wa sifongo za baharini, na upande wa Fumba na Bweleo walijaribu lulu za chaza. Yote haya yamewafaa wachache. Hakuna lililokaribia kuajiri idadi iliyoajiriwa na mwani.

Tangu 2020, Serikali ya awamu ya nane chini ya Dkt. Hussein Ali Mwinyi imeweka uchumi wa buluu mbele ya mipango yake, ikaunda wizara inayobeba jina hilo, ikaanzisha ujenzi wa kiwanda cha kusarifu mwani Chamanangwe, Pemba, na kugawa mamia ya boti kwa wavuvi na wakulima wa mwani. Ni mwelekeo sahihi, na umechelewa kwa miaka kama ishirini. Kiwanda hakiponyi mwani. Kitahitaji kotoni, na kotoni inahitaji kina.

Tanzania nzima hutoa chini ya asilimia 1 ya gesi zinazopasha joto dunia, na mwanamke wa Jambiani asiye na gari wala kiyoyozi hana hata punje ya kuonyeshwa katika hesabu hiyo. Haki ya madai yake iko wazi, na fedha za kimataifa za mabadiliko ya tabianchi zipo kwa ajili ya watu wa aina yake. Lakini madai ya karibu zaidi yako mjini Unguja na Dodoma. Wanaopanga bajeti za uchumi wa buluu waandike mambo matatu kwa majina na tarakimu: boti ngapi zimesajiliwa kwa majina ya wanawake wanaolima mwani, wangapi wamefundishwa kuogelea, na shilingi ngapi zimetengwa kutafuta mbegu ya asili inayovumilia joto. Wakulima wenyewe waidai orodha hiyo kwa masheha na wawakilishi wao kabla ya kila msimu wa kaskazi.